Kuzama kwa Niaba ya Mama

Ruhusa niliiomba Jumanne asubuhi, nimepiga magoti sakafuni, namkata Bibi kucha za miguu. Wakati huo niliuchagua makusudi. Mtu aliyekushika kidole huku ana kikata kucha mkononi, lazima umsikilize.

"Bibi, naomba siku nne. Na gari."

"Gari ipi?"

"Yako."

"Alaa! Siku nne na gari yangu, unakwenda Makka?"

"Salalah."

Akauvuta mguu. "Salalah unaijua weye? Kutwa nzima njiani, jangwa tupu, ngamia wanakata barabara watakavyo. Nani anakupeleka?"

"Najipeleka mwenyewe."

Bibi ni mama mzazi wa tajiri wangu. Alizaliwa Unguja akaja Omani akiwa msichana, na mpaka leo ndani ya nyumba yao ya Mawaleh, Maskati, wageni hupokewa kwa Kiarabu, lakini ugomvi wote ni kwa Kiswahili. Mimi nilitoka Dar es Salaam kuja kufanya kazi za ndani hapo, na elimu yangu ya kidato cha pili. Mwaka wangu wa pili Bibi alichoka kuwasubiri wanawe wampeleke kliniki, akanipeleka mimi shule ya udereva. Mtihani wa mapipa, ule wa kurudi nyuma na gari katikati ya mapipa bila kuyagusa, nilifeli mara tatu. Mara ya nne nilipopita nikapiga vigelegele mle mle ndani ya gari, mkaguzi akaziba masikio. Tangu siku hiyo mimi ndiye dereva wa Bibi.

"Na Salalah unakwendea nini?"

"Kuzuru, Bibi."

Hapo uso ukalegea. Kuzuru anakujua. Watu wakienda Salalah hupanda mlimani kwenye kaburi la Nabii Ayubu, wakaomba dua zao. Tajiri wangu hayataki mambo hayo, lakini Bibi anayapenda kimyakimya.

"Kwani nyie Wakristo mna nabii Salalah?"

"Sisi tunaye. Wakristo wengine hawana."

"Nyie mnapenda kujitenga. Chai hamnywi, kahawa hamnywi, na nabii mna wenu mbali." Akanirudishia mguu. "Hicho kidole kidogo umekisahau, kikate kucha. Gari chukua. Miye ndo nnayeimiliki, si mwanangu."

Sikumweleza yote. Nchi hii hatuhubiri, na mimi nimeshazoea kufupisha. Kirefu chake ni hivi. Mimi ni Mmormoni. Katika imani yetu tunasoma habari za familia moja iliyotoka Yerusalemu zamani sana, ikatembea miaka na miaka katika jangwa la Waarabu, mpaka ikafika pwani yenye matunda na asali. Hapo wakajenga jahazi wakavuka mpaka Amerika. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba pwani hiyo ni ya huku Omani, upande wa Salalah. Wanatoka mbali kuja kuiona. Mimi niliposikia hivyo nilikaribia kuruka. Yaani mahali patakatifu, na mimi nafagia nchi hiyo hiyo!

Lakini sikutaka kwenda kuona tu. Nilitaka kwenda kuzama kwa niaba ya mama yangu.

Mama alikuwa fundi cherehani, Temeke. Kwa mdomo hakuna dalali aliyemuweza. Kitu kilichomuweza yeye ni maji. Alikulia kando ya ziwa, na akiwa mtoto alimwona dada yake akiingia majini asitoke. Basi alioga kwa kikombe, amechuchumaa, akijimwagia kidogo kidogo kama anayeonja. Pantoni ya Kigamboni hakuipanda hata siku moja. Kabla daraja halijajengwa, mdogo wake aliolewa ng'ambo ya pili, mama akashona gauni la bibi harusi akanipa mimi nilipeleke, yeye akabaki upande wa mjini anatupungia mkono.

Wamisionari walipoanza kuja kwetu, vijana wawili wenye mashati meupe, nilikuwa na miaka kumi na saba. Walipofika kwenye ubatizo mama akawauliza, "Mtu anazama mwili wote, au kuna sehemu inabaki nje?"

"Wote, mama. Mara moja, mpaka unywele wa mwisho."

"Basi mimi nitakuwa nakuja kuimba."

Na kweli alikuja kuimba. Kila Jumapili, miaka mitano, anakaa mwisho wa benchi, sauti yake inapita zote. Muumini hakuwa, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mimi nilibatizwa. Gauni jeupe alinishonea yeye. Nilimwambia kwamba kuna mashahidi wawili wanasimama kuangalia, na ukibaki nje hata upindo wa nguo, au kidole cha mguu, unarudiwa. Kesho yake nikakuta ameshonea nati za baiskeli ndani ya upindo, kazunguka nazo gauni zima, ili lisielee. "Mwanangu akizamishwa, azamishwe mara moja," akasema. Siku yenyewe alisimama mlangoni, kageuzia uso barabarani, mpaka walipomwambia nimetoka.

Kilichonivuta mimi kwenye imani hii ni neno moja: kwamba familia zinaweza kufungwa pamoja milele. Watu wenye familia kubwa labda hawalisikii kama nilivyolisikia. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama.

Akafa mimi niko Maskati. Presha, akiwa ameketi kwenye cherehani yake. Wakazika kesho yake. Jirani alinishikia simu nione, nikaona zaidi viatu vya watu.

Sisi tunafundishwa kwamba aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba ya aliyekufa, binti kwa ajili ya mama yake. Nilipolikumbuka hilo, katikati ya msiba, nikacheka peke yangu jikoni. Mama, maji nitayaingia mimi! Wewe hata unyayo hutalowa. Nilikuwa na furaha, naapa. Lakini jambo hilo hufanywa hekaluni tu, na hekalu halipo Omani. Ni ndege, ni viza, ni likizo, na mkataba wangu ulikuwa bado unanidai mwaka na zaidi.

Ijumaa tunakutana wachache nyumbani kwa mama mmoja Mmarekani, njia ya Bustan. Kwa sababu ya kazi za huku, Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Yeye ndiye aliyenionyesha picha ya ile pwani. Nikamuuliza kama mtu akifika pale anaweza kubatizwa kwa ajili ya mamake. Alinishika shavu.

"Hapana, mpenzi. Hekaluni tu. Subira."

Nikaitikia. Lakini kichwa changu hakijawahi kuitikia pamoja na mdomo. Nikawaza, wale waliofika pale na ngamia wao walikuwa na hekalu gani? Mungu aliwakuta pale pale mchangani. Kwa nini asinikute na mimi?

Nikaondoka Mawaleh baada ya Bibi kuswali alfajiri. Alinipa maji, biskuti, tende, na maonyo mengi kuliko tende. Mpaka Nizwa niliimba. Niliimba sauti ya kwanza, kisha nikairudia sauti ya mama, ile ya chini. Baada ya mji wa Adam miti ikaisha. Mbele barabara, nyuma barabara, na kushoto na kulia kitu kimoja, rangi ya kadibodi. Wale walitembea miaka. Mimi nina kiyoyozi na redio, na kufika saa tano nimeshachoka. Nikajicheka. Kisha kicheko kikakatika, sijui kwa nini. Ubapa ule unamwingia mtu kichwani. Haima, kwenye kituo cha petroli, mzee wa lori akachungulia ndani ya gari langu, mbele, nyuma, akauliza kwa Kiarabu, "Peke yako?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza nikalisikia hilo neno.

Nililala Salalah katika fleti ya kupanga, asubuhi nikaelekea mashariki. Mvua za msimu zilikuwa zimekwisha, majani ya mlimani yameanza kugeuka manjano, ng'ombe wamelala barabarani kana kwamba wamelipia. Mahali penyewe ni khori, maji yameingia ndani ya nchi yakatulia, na juu ya kilima kuna magofu ya mji uliokuwa ukisafirisha ubani. Getini palikuwa na mlinzi, mtu wa makamo, kajifunga kilemba, ana thermosi ya chai.

"Amerika?" akaniuliza.

Nikajitazama. "Tanzania."

Akacheka mpaka akaiweka chini thermosi. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini tulielewana. Akasema Waamerika wenye kitabu huja, wanasimama pale juu, wanalia, wanachota mchanga kwenye chupa.

"Halafu?"

"Halafu wanakuja wengine. Wanasema si hapa. Wanasema ni kule, upande wa Yemeni, nyuma ya milima, mpaka kwa boti. Na hao nao wanalia."

"Wepi wakweli?"

"Mimi nakata tiketi tu."

Kilomita elfu moja nilikuja kusikia haya. Boti sikuwa nayo, wala siku ya ziada. Nikasimama pale na tiketi yangu, nikajiambia Mungu anajua nilichokusudia, hatanihesabia kilomita. Nilijiambia kwa sauti, kwa Kiswahili, mlinzi akadhani namuuliza kitu.

Nikashuka mpaka ufukweni. Nyuma yangu khori, korongo wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja, ngamia wananywa. Mbele bahari, kati ya majabali mawili. Ni pazuri. Siwezi kusema uongo, ni pazuri mno, na uzuri wake ulinitisha, kwa kuwa haukuwa unanijali. Nikavua viatu na abaya. Ndani nilikuwa nimevaa gauni jeupe la pamba nililonunua Mawaleh, la kulalia, kwani lile la mama lilibaki Dar. Nikaingia mpaka kiunoni. Nikainua mkono wa kulia.

Hapo ndipo nilipokwama.

Anayebatizwa hainui mkono. Anayeinua ni yule anayembatiza. Ni mwanamume mwenye ukuhani, anakushika kifundo cha mkono, mkono wake mwingine uko mgongoni kwako, anayasema maneno, anakulaza majini na kukutoa. Na mashahidi wawili wanaangalia. Hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyajua wiki zote nilizopanga safari, nikayapita kama unavyompita jirani usiyetaka kumsalimia. Nilifikiria petroli, taulo, biskuti. Sikutaka kufikiria kwamba mtu hajibatizi.

Nikafanya hivyo hivyo. Nikajishika kifundo mwenyewe, nikayasema maneno niliyoyakumbuka, nikalitaja jina la mama, majina yake yote matatu. Nikajilaza nyuma.

Gauni likaja juu. Likajaa hewa kama puto, nikalihisi kwa mkono, upindo wote uko juu ya maji. Nikarudia. Likaelea. Nikalikunja katikati ya magoti nikarudia, mguu ukatoka. Au haukutoka, sijui! Nani aniambie? Nilikuwa napanda juu, nafuta macho, nageuka huku na huku kutafuta mtu wa kuniuliza kama nimeingia wote. Hakuna mtu. Korongo tu. Mara ya nne, au ya tano, wimbi likanipiga ubavuni nikakosa mchanga chini ya miguu. Maji yakaingia puani, yakaingia kooni. Sikujua juu ni wapi. Nikamwita mama. Haikuwa sala. Nilimwita kama anavyoitwa mama na mtoto aliyeanguka.

Na pale chini, sekunde mbili tatu, nikaielewa hofu yake. Maisha yangu yote niliichekea. Nilikuwa natoa mifano yake ya kikombe kwa marafiki, wanacheka. Sasa ilikuwa ndani ya kifua changu, ina uzito wake na giza lake, na nikajua kwamba mtu niliyemleta hapa ni yeye. Nimelitaja jina lake na kulivuta majini mara tano, na yeye alishanijibu akiwa hai.

Miguu ikakanyaga mchanga. Nikasikia kelele. Mlinzi alikuwa anakuja mbio, kanzu kaikunja kiunoni, ameacha viatu njiani. Akaingia majini akanikamata mkono wa gauni.

"Ya bint! Unataka kufa?"

Mimi nikamng'ang'ania. "Nimezama wote? Kullu? Uliona?"

"Kullu, kullu! Wote! Bas, toka!"

Angenijibu lolote lile ili nitoke. Nililijua hilo hata wakati ananijibu.

Alinikalisha garini, akanimiminia chai yake. Mimi sinywi chai. Nikakishika kikombe ili kinipe joto, naye akashikilia kwamba haondoki mpaka nimpigie mtu wangu. Nikatafuta kwenye simu mtu wangu. Nikampigia Bibi. Wakaongea wao Kiarabu, kirefu, mlinzi anaonyesha bahari kwa mkono kama Bibi anamwona. Kisha akanipa simu.

"Leo lala," Bibi akasema. "Kesho rudi nyumbani. Usikimbize gari."

Njia ya kurudi sikuimba. Nilijaribu kusali, kwa kuwa nimezoea kusali nikiwa naendesha, nikaanza kama kawaida, nikakuta maneno yanatoka na kuanguka pale pale kwenye usukani. Mimi ni mtu wa kufurahi, wanaonijua wananijua hivyo. Sikujua kwamba ndani ya mtu kuna mahali ambapo hata yeye mwenyewe akiita haitikiwi. Saa kumi nzima.

Bibi alikuwa barazani. Nikamwamkia, akaitikia.

"Nabii wako umemwona?"

"Hayupo, Bibi. Au yupo kwingine."

"Na mamako? Yule mlinzi kanambia ulikuwa unamwita mamako."

Nikakaa chini nikamweleza, safari hii kirefu. Hakunikatiza, jambo ambalo si tabia yake. Mwisho akasema, "Maskini. Maji ya Salalah yana mkondo," akaniambia nikaoge maji ya chumvi, niondoe mkosi.

Ijumaa nikamweleza na yule mama wa Bustan. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alinikumbatia, akasema, "Haihesabiki, mpenzi, lakini tatizo hilo ni dogo. Andika jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Tutalipeleka hekaluni, dada mmoja huko atasimama kwa ajili yake."

"Dada gani?"

"Yeyote. Wanajitolea. Wengine ni wasichana wadogo tu."

"Atajua nini kuhusu mama?"

"Jina."

Tarehe ya kuzaliwa mama hakuwa nayo. Nilimpigia simu mama mdogo, akakisia, nikaandika makisio yake. Niliisukuma ile karatasi upande wa pili wa meza upesi kabla mkono haujabadili mawazo.

Baada ya wiki kadhaa ujumbe ukaingia. Nilikuwa nimeegesha nje ya kliniki, namsubiri Bibi. Mstari mmoja: imefanyika, tarehe fulani, mji ambao hata kuutamka siwezi. Wenzangu wakitoa ushuhuda wao husema kifua kilipata joto, wakajua marehemu amefurahi. Nikazima kiyoyozi, nikasubiri kwenye joto la Maskati na madirisha yamefungwa, ili kama kuna kitu nikisikie. Jasho likanitoka. Hakuna kilichokuja. Nikajaribu kumwona mama akifunguliwa mlango mahali fulani, mimi ambaye naota hata nikiosha vyombo, nikashindwa kuuona hata mlango.

Bibi akatoka na mfuko wa dawa, akafungua gari.

"Kuu, tanuri hili! Unajichoma?"

"Mama amebatizwa, Bibi."

Akaingia, akakaa, akapanga baibui lake. "Ndo ulilolitaka."

"Ndiyo."

"Sasa mbona uko hivyo?"

"Sisi tunaamini kule wanaulizwa. Hawalazimishwi. Ubatizo unafanyika huku, halafu yeye mwenyewe kule anaukubali au anaukataa. Akikataa, ndiyo basi, hatufungwi pamoja."

Bibi akaufikiria huo mpango. Akaniangalia.

"Weye uliyekunywa yale maji. Ungekuwa ndo yeye, ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa na ndiyo yangu tayari, ile niliyokuja nayo kutoka Temeke, iliyovuka nami jangwa. Nikafungua mdomo.

"Nisingekubali, Bibi."

Akanyoosha mkono akawasha kiyoyozi yeye mwenyewe, kitu ambacho huwa hagusi. Nikatia gia tukatoka. Njia ya kwenda Mawaleh naijua hata nikiwa nimefumba macho, lakini siku hiyo nikaipita, tukaenda mbali mno mpaka kwenye mzunguko wa mbele, nikaupita na huo pia, na Bibi, ambaye nikikosea hata taa moja hunitangazia, akakaa ameshika mfuko wake wa dawa, akaniacha niendeshe.